Kabla Hujasaini Kitabu cha Wageni

Mjukuu wangu amepata kazi ya siku kumi na nne. Kampuni ya ushauri ya nje imemchukua awe mshauri mwelekezi wa ndani, azunguke vijiji sita vya Kanda ya Kati, ahoji watu, kisha asaidie kuandika tathmini ya mradi unaofikia mwisho. Alikuja nyumbani Jumapili na kilo mbili za sukari, akaniamkia, akakaa mkekani, akanifungulia hadidu za rejea kwenye simu yake. Alikuwa na furaha tele, nami nilifurahi naye, kwa sababu amesota miaka miwili tangu amalize chuo. Nilimwomba anisomee polepole. Alipofika mahali panaposema kazi yake ni kubainisha mafanikio ya mradi na mafunzo yaliyopatikana, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Na ukikuta mradi haukufanikiwa, mjukuu wangu, utaandika wapi?"

Akainua macho kutoka kwenye simu, akasema, "Babu, hapo hawajaweka nafasi."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Ninaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake wote wanaohangaika kutuma maandiko na wasifu wao kwa makampuni ya ushauri, wakiamini kwamba kazi ya miradi ya wafadhili ni kazi safi isiyo na hatari. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini na mitano. Nilianza mkalimani, Kigogo kuja Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, nikiwafuata wageni waliokuja kupima visima. Baadaye nikabeba madodoso, nikawa msimamizi wa wabeba madodoso, mwisho jina langu likawa linachapwa kwenye jalada la ripoti. Nimejengea nyumba kwa kazi hiyo na nimesomeshea watoto. Siwaambii muiache. Nawaambia inavyoweza kumfanya mtu mwema aseme uongo pasipo yeye mwenyewe kujua ni saa ngapi alianza.

Nimezaliwa Kongwa. Baba yangu alikuwa taniboi, kisha dereva wa trekta, katika Mpango wa Karanga wa Waingereza. Kila kijana anayetaka kuitwa mshauri katika nchi hii ingempasa afike Kongwa kwanza, asimame kwenye ule udongo wakati wa kiangazi, apige jembe mara tatu.

Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akatoa wazo kwamba karanga zilimwe kwa mashine huku Tanganyika, kwa ukubwa ambao Afrika haijapata kuuona. Wakatumwa watu watatu kuja kuchunguza, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapahapa Tanganyika. Walikaa kama wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama wakiwa juu ndani ya ndege. Septemba ripoti ikawa tayari: ekari 3,210,000, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, gharama pauni milioni 24. Mwaka wa kwanza Kongwa ilipangiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 8,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na kiasi cha pauni milioni 36 zilikuwa zimezama.

Baba alikuwa akitusimulia jioni jinsi udongo ule ulivyokula chuma. Mvua ikikatika, ardhi hukauka ikawa kama sakafu, na chembe za mchanga mkali zilizomo ndani yake husaga majembe ya trekta mpaka yanakwisha kama sabuni. Karanga zilizobahatika kuzaa zilinaswa humo chini, zikawa haziwezi kung'olewa. Na mvua yenyewe haikuja kama karatasi zilivyosema. Wagogo wa Kongwa walikuwa na wazee ambao bado waliikumbuka Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza iliyotawanya koo nzima. Mzee wa aina hiyo angekueleza katika kikao kimoja, kwa togwa moja, mvua ya pale inavyodanganya. Baba alisema kijijini kwao hakuna mzee aliyeulizwa.

Watu huwa wanasimulia habari hii kana kwamba wale watatu walikuwa wajinga. Sikubali. Wakefield aliijua Tanganyika kuliko vijana wetu wengi wanaoandika leo juu ya wilaya ambazo hawajalala usiku mmoja. Lakini tazameni mambo mawili. La kwanza, walikuja kati ya Juni na Septemba, kiangazi, wakati anga ni safi na gari linapita. Hawakuona mvua wala kukosekana kwake. Tathmini za siku kumi na nne nazo huja kiangazi, kwa sababu hiyohiyo, na Mwingereza Robert Chambers aliliandika jambo hilo wazi mwaka 1983: mtafiti hufuata barabara, hufuata kiangazi, hukutana na wanaume na viongozi, hurudi mjini kabla jua halijazama. La pili ndilo zito zaidi. Wale watu walipewa swali la namna ya kulima karanga. Swali la kama karanga zilimwe au zisilimwe halikuwekwa mbele yao kwa uzito unaostahili, kwa kuwa wakubwa London walikuwa na haraka na jibu walikwisha kulipenda.

Ndiyo maana nilimwambia mjukuu wangu arudie ile sentensi.

Baada ya uhuru mambo ya namna hiyo yaliendelea, na wafadhili wapya, wengine marafiki zetu wa kweli. Hanang, kuanzia karibu mwaka 1970, Kanada ilitusaidia kulima ngano kwa mashine kubwa katika nyanda za Basotu. Ngano ilitoka, hilo ni kweli na lisifichwe. Lakini mashamba yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig, na matrekta yakalima hadi juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao yaliyojengwa kama vilima vya udongo, ambayo familia huyazuru na kuyatunza vizazi hata vizazi. Kilima cha kaburi kinaonekana kwa macho. Alikuwepo mpima ardhi, alikuwepo mtaalamu wa udongo, alikuwepo mchumi, na nina hakika alikuwepo Mtanzania kijana kwenye gari, mwenye kalamu, aliyeweza kuuliza "Hiki ni nini?" Nafikiria sana juu ya kijana huyo. Kwa majirani zetu Kenya, Wanorwei waliwajengea Waturkana kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kilifanya kazi muda mfupi mno kikazimwa, kwa kuwa kugandisha samaki katika joto lile kulikula fedha nyingi kuliko bei ya samaki mwenyewe, na ghuba iliyokuwa ikitegemewa kwa uvuvi ikakauka katika miaka iliyofuata.

Sasa niwaambie langu, maana si haki kunyooshea vidole wafu na wageni peke yao.

Mwaka 1991 nilichukuliwa na kampuni moja ya ushauri, sitaitaja, kutathmini mradi wa visima vya pampu za mkono. Katika kijiji kimoja tulikuta pampu mpya, sakafu yake ya zege safi, mfereji wa kumwagia maji yaliyozidi, uzio wa miti. Kiongozi wa timu alipiga picha nyingi. Wakati wenzangu wakiwa kwa mwenyekiti, mama mmoja wa makamo alinijia na ndoo tupu, akaniambia taratibu, kama anayeogopa kuaibisha wageni: "Mwanangu, maji haya hayaivishi maharage." Nikadhani sijamsikia vizuri. Akanieleza kwamba ukiinjika maharage asubuhi kwa maji ya pampu, jua linazama yangali magumu, na kuni zimekwisha. Sabuni nayo haitoi povu, inaganda kwenye nguo kama utando. Kwa hiyo wanawake walikuwa wanarudi kulekule korongoni, kufukua mchanga kwa kata na kusubiri maji yajichuje, na pampu waliiachia mbuzi na kuoshea miguu.

Aliyesoma kemia anajua: maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi ndivyo yafanyavyo. Mimi niliandika maneno ya yule mama kwenye daftari, neno kwa neno. Jioni hotelini nikamsomea kiongozi wetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na alikuwa na orodha yake ya viashiria. Akaniuliza kama pampu inafanya kazi. Nikasema inafanya. Akaniuliza kama umbali wa kufuata maji umepungua. Umepungua, kutoka kilomita nne hadi mita mia tatu. Akasema basi hayo ndiyo matokeo, mengine tuyaweke kwenye kiambatisho. Yakawekwa kwenye kiambatisho cha nne. Rasimu ya mwisho ilipoonekana ndefu, kiambatisho cha nne kikatolewa. Malipo yangu ya awamu ya tatu yalikuwa bado hayajaingia. Nikanyamaza.

Mwaka 1996 nilipita tena huko kwa kazi nyingine. Visima vingine vilikuwa vimechimbwa vijiji jirani, kwenye mwamba uleule. Mpini wa ile pampu ulikuwa umefungwa kwa waya. Yule mama sikumkuta, nilimkuta binti yake njiani, ndoo kichwani, akitoka korongoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Akasema, "Shikamoo, baba. Umekuja tena kuandika?"

Sijawahi kusomewa hukumu nzito kuliko hiyo, naye alikuwa akinisalimia kwa heshima.

Kwa hiyo, wanangu, sikilizeni mambo niliyoyaokota kwenye njia hiyo. Mkifika ofisi ya kijiji, mtendaji atawaletea kitabu cha wageni. Kila mtu hukisaini haraka: tarehe, jina, unakotoka, madhumuni, sahihi, twende. Kaa chini ukisome. Rudi nyuma kurasa kumi, ishirini. Utaona nani walikuja mwaka jana na mwaka juzi kwa madhumuni yaleyale, na utajua wanakijiji wameulizwa mara ngapi swali unalotaka kuwauliza. Nimewahi kukuta kijiji kilichohojiwa mara saba katika miezi kumi na minane juu ya lishe ya watoto. Ukishajua hilo, huanzi tena na dodoso. Unaanza kwa kuuliza, "Hao waliokuja kabla yangu waliwaletea majibu gani?" Mara nyingi utakuwa wa kwanza kuwauliza hivyo, na hapo ndipo mazungumzo hufunguka.

Mjue pia kwamba watu wetu ni waungwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijijini bado wanaliamini neno hilo. Watakupa kigoda cha pekee, watakuchinjia jogoo aliyebaki, na watakujibu kile wanachodhani kitaleta mradi mwingine au kitauzuia uliopo usiondoke. "Tumenufaika sana," watasema mbele ya diwani. Usiliandike neno hilo mpaka umekaa na mtu mmoja mmoja, jikoni, shambani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Na wewe mwenye lugha yao ndiwe pekee uwezaye kukaa huko. Hiyo ndiyo mali yako. Mgeni ana shahada na ana kampuni, lakini bila ulimi wako ni bubu. Usimuuzie ulimi huo kwa bei ya kutafsiri kisha ukamwachia aamue nini kimesemwa.

Kuna mtego mwingine, wa wasifu. Kampuni itakuomba wasifu wako na barua ya kukubali kuwemo kwenye zabuni. Jina lako litasaidia kushinda, kwa sababu zabuni nyingi hutoa alama kwa wataalamu wa ndani. Wakishashinda, simu inanyamaza, na kazi anafanya mtu mwingine wa bei nafuu. Jambo hilo limewapata wengi ninaowajua. Andika kwenye barua hiyo kwamba jina lako ni kwa kazi hiyo moja tu na kwa siku zilizotajwa, taja siku zenyewe, na weka nakala. Na mkiitwa kuandika upembuzi yakinifu wa jambo ambalo tangazo lake la uzinduzi limekwisha kuchapwa, fikirini mara mbili.

Malipo yakija kwa awamu, soma vizuri awamu ya mwisho inategemea nini. Ikiwa mkataba unasema utalipwa ripoti "itakapokubaliwa na mteja", basi mteja amekushika kooni. Omba iandikwe ndani ya siku ngapi atoe maoni yake, na akikaa kimya ihesabike amekubali. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa, dai hati yake siku hiyohiyo, usije ukailipa mara mbili. Mambo haya yanaonekana madogo kwa kijana mwenye hamu. Lakini mimi ulimi wangu mwaka 1991 ulifungwa na awamu ya tatu. Mtu mwenye akiba ya miezi minne nyumbani huandika sentensi tofauti na mtu anayedaiwa kodi ya pango. Wekeni akiba kwa ajili ya ripoti zenu kama mnavyoweka kwa ajili ya ugonjwa.

Na muwe na fundi ndani yenu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ya mwaka 2025. Januari 20 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai 1 USAID, iliyokuwapo tangu 1961, ikaacha kuendesha misaada, kilichobaki kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Vijana walionipigia simu miezi ile walikuwa wengi, na baadhi yao walilia. Walikuwa na vyeo virefu: mratibu wa ushirikishwaji wa wadau, ofisa wa kujenga uwezo, mtaalamu wa ufuatiliaji na mafunzo. Niliwauliza kila mmoja, "Ukiondoa mradi, unajua kufanya nini?" Wale waliojua kupima maji, kutibu ng'ombe, kukagua hesabu, kuchora barabara, waliinuka mapema. Wengine walikuwa wanajua lugha ya miradi peke yake, na lugha hiyo haizungumzwi sokoni. Jifunzeni kwanza kazi inayoshikika, mkae nayo miaka mitano, mtoke jasho. Ndipo mkashauri. Atakayekuita mshauri mwelekezi na hujawahi kuelekeza kitu, anataka sahihi yako tu.

Mjukuu wangu aliniuliza afanye nini na ile sentensi ya hadidu za rejea. Nikamwambia awaandikie kabla ya kusafiri, kwa adabu, aombe iongezwe mistari miwili: kwamba timu itaeleza pia yasiyofanikiwa na sababu zake, na kwamba maneno ya wanakijiji yatabaki ndani ya ripoti yenyewe. Ripoti ya awali ndiyo mahali pake, kabla magari hayajawashwa. Ukishafika mwisho, kila mtu anataka kufunga na kulipwa. Wakikataa, atakuwa amejua anaingia kwa nani, na ataamua mwenyewe. Ni mtu mzima. Ameandika. Hawajamjibu bado.

Kisha nikampa mfuko mdogo wa maharage. Akacheka, akadhani ni zawadi ya nyumbani. Nikamweleza kwamba tangu ile salamu ya njiani sijawahi kwenda kwenye mradi wa maji bila kilo moja ya maharage mkobani. Nikifika kijijini, kabla ya kikao, humwomba mama mmoja aniinjikie nusu kwa maji ya kisima kipya na nusu kwa maji waliyoyazoea, sufuria mbili, kuni zilezile, halafu nakaa hapo jikoni tukizungumza. Mwaka 2003, katika kijiji ambako kisima cha majaribio kilikuwa kimetoa maji mengi na pampu ilikuwa tayari iko kwenye lori, tulikaa tangu saa tatu asubuhi. Saa saba sufuria moja ilikuwa imeiva. Saa kumi nilibonyeza punje ya sufuria ya pili kwa vidole, ikakataa. Mama akaniangalia, nami nikatoa daftari mbele yake, nikaandika kwa Kiswahili, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali. Maneno hayo yalikaa ukurasa wa kwanza wa ripoti, aya ya kwanza, na nilikataa kuweka sahihi mpaka yarudishwe hapo yalipoondolewa mara mbili. Kampuni ile haikuniita tena. Pampu ilirudi na lori.